Jeep yangu ilikuwa nzima kwenye mawe ya Goma, ikawa kichaa kwenye lami nzuri: kisa cha usukani na safari ya Kalengera

Wakuu, nawasalimu kutoka huku Goma, chini ya mlima wetu unaopumua moto.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, nazima simu. Ila kila baada ya muda naona mtu anauliza "gari inatetemeka usukani, nibadilishe nini?" halafu wadau wanamtajia vifaa hadi ananunua gari nzima kwa vipande.

Leo nimeona niweke yaliyonipata. Ni kweli tupu. Wanaonifahamu wanajua mkono wangu ni mwepesi kwenye chumvi, kwa hiyo pale ambapo imezidi mtaisikia wenyewe kwenye ulimi. Lakini hofu niliyokuwa nayo sijaiongeza hata punje.

Twende.

Jeep yangu ni ya zamani, zile zenye ekseli moja nzima mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Aina sitaji, nisije nikaanzisha vita ya mashabiki. Nyumbani inaitwa Kifaru.

Nina cheti cha masomo ya jioni ya mekanika, kimetundikwa sebuleni pembeni ya Bikira Maria. Mke wangu Masika anasema wa pili ndiye anayetufanyia kazi.

Kwa wasiojua mji wetu: sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya volkano. Mtaani kwangu Majengo barabara ni mawe meusi yenye meno. Huko gari haiendi, inatambaa. Ukiingiza gia ya tatu majirani wanakusanya watoto wakidhani mlima umelipuka tena.

Shikeni hilo la mwendo. Ugonjwa wote ulijificha hapo.

Siku ya kwanza tulikuwa mimi na Masika tunapanda Kibumba. Yeye anauza mboga, alikuwa anafuata kabichi. Ukishatoka mjini kuelekea kaskazini unakuta lami, na lami ile ina sehemu zimenyooka vizuri, mtu unasahau shida zako. Nikafika sitini. Kifaru inaimba.

Kabla ya kufika Kibumba kuna kidaraja cha maji ya mvua. Pale lami inapokutana na zege kuna ngazi ndogo, ukipita unasikia "tuk".

Nikapita. Tuk.

Wakuu, usukani ukanitoka mikononi.

Haukuvuta upande mmoja. Ulipiga kushoto-kulia, kushoto-kulia, haraka haraka, kama watu wanne wameushika na kila mmoja anadai ni wake. Kioo cha ndani kikazunguka chenyewe. Rozari ikakatika. Boneti naiona inacheza mbele yangu kama kifuniko cha sufuria ya maharage. Na upande wa pili linakuja lori la makaa, limejaa hadi mbinguni.

Masika akapiga kelele, "Mumbere! Yesu! Mumbere!" Hakujua amwite nani kwanza.

Sikukanyaga breki kwa nguvu. Hicho ndicho kitu kimoja nilichofanya vizuri siku ile. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani kwa mikono yote miwili bila kupigana nao, nikaacha mwendo ufe wenyewe. Lori likapita, naapa nilisikia joto la injini yake.

Tulipofika kama thelathini, kimya. Kila kitu shwari. Kama hakuna kilichotokea duniani.

"Umefanya nini?" Masika akaniuliza.

"Miye sijafanya kitu."

"Basi ni nani alifanya? Miye?"

Nikashuka. Nati za magurudumu zimekaza. Tairi zina upepo. Chini hakuna kinachoning'inia. Ningeona kitu kimevunjika ningepumua. Kutokuona kitu ndiko kulikonitisha zaidi.

Tukarudi mwendo wa maiti. Kwenye mteremko wa kuingia mjini, chukudu ikatupita. Kwa msioijua, chukudu ni ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, wanabebea mizigo. Ilikuwa na magunia ya kabichi na kijana juu yake ametulia kama gavana. Akatupungia mkono. Masika akampungia pia. Mimi sikupunga.

Sasa, kwa nini nisingeiacha tu jeep nyumbani?

Kwa sababu ya mdogo wangu Kasereka.

Kasereka alikuwa anamuoa Furaha, binti wa watu wa Kalengera, mbele huko kwenye barabara hiyo hiyo ya Rutshuru. Siku ya kupeleka mahari ilikuwa imepangwa. Na ilikuwa imesogezwa mara moja tayari, kwa sababu barabara zetu nyakati hizi zina maneno yake, mtajaza wenyewe. Baba mdogo wa Furaha, Papa Gervais, ndiye msemaji wa ukoo wao. Alipokubali kuisogeza alisema kwa simu, na sauti yake ilikuwa wazi, "Musogeze. Lakini ya pili hapana. Mukikosa ya pili, tutajua hamumutaki mutoto wetu."

Kwetu Wanande, mahari ni mbuzi. Na mbuzi wa kwanza sharti kamba yake ikabidhiwe na mkono wa baba mwenyewe. Baba akiwa hai na asipofika, mbuzi wote wengine ni nyama tu, hakuna mahari iliyotolewa.

Baba yetu muzee yuko hai, na mdomo anao. Ila nyonga yake ilivunjika zamani ikaunga vibaya. Kwenye taksi-basi hawezi kukunja mguu. Kwenye moto, yaani pikipiki, hatuwezi hata kuwaza. Anakaa kiti cha mbele cha Kifaru tu, mguu ameunyoosha. Na nyumba ya akina Furaha iko juu ya kilima, unaacha lami Kalengera unapanda tope ambalo gari dogo linazama hadi milango.

Kwa hiyo hesabu ni hii: bila Kifaru hakuna muzee, bila muzee hakuna mahari, bila mahari mdogo wangu anampoteza mtu aliyemngoja miaka.

Nilitafuta jeep ya kukodi. Watu wa mashirika kule Himbi, wenye jeep nyeupe, hawaazimishi. Mwingine akanitajia bei ya kununua ndege.

Basi nikaanza kutibu.

Kwanza nikaipeleka gereji moja yenye mashine, upande wa Himbi. Wakapima magurudumu, wakafanya balance, wakafanya alignment. Kijana wao akaipeleka mtaani kuijaribu, akarudi anatabasamu. "Iko bien, chef."

Ataijaribu wapi? Mjini kuna moto kama nzige, matuta, mawe. Hakuna mtu anayefika sitini. Ukifika sitini mjini wewe si dereva, wewe ni habari ya redio.

Nikapanda tena peke yangu hadi kwenye kidaraja. Tuk. Ngoma ikaanza upya.

Nikaenda kwa fundi wangu wa siku zote, Papa Sumaili. Yuko Majengo, familia yao ilitoka Maniema, ukoo mzima ni madereva na mafundi. Ana kelele, ana madoido, na hakuna gari asilowahi kulitukana. Akalala chini, akatoka, akatangaza mbele ya watu wote, "Ni amortisseur ya direction! Imekufa, izikwe!"

Hiyo ni shokamzoba ndogo inayolala kwenye fito za usukani, inameza mitikisiko. Tukaweka mpya. Nikaenda kidarajani. Tuk, halafu kimya! Nikarudi naimba. Nikamnunulia Sumaili soda na sambusa, nikatangaza kwamba mtu huyu apewe wizara.

Haikupita hata wiki ugonjwa ukarudi, na safari hii ulirudi na hasira.

Hapa wakuu nisikilizeni, maana nimeona wengi humu wanashauriana hivyo. Kile kishokamzoba hakitibu kitu. Ni kama kidonge cha maumivu. Kikiwa kipya kinanyamazisha, na ugonjwa unaendelea kula ndani. Kikichoka, unasikia yote kwa pamoja.

Tukabadilisha vichwa vya fito, zile rotule. Tukapima upepo. Tukacheki beringi za ekseli kule linapogeukia gurudumu. Kila kitu kizuri kabisa. Kila kitu kizuri, na gari inataka kutuua.

Usiku nilikuwa nalala na mikono imekunjwa, Masika ananiamsha, "Acha usukani, lala." Mchana nilikuwa nasikia "tuk" hata mtu akiweka kikombe mezani. Nilipungua hadi suruali ya harusi ya mdogo wangu ikaanza kunikalia kama ya kuazima.

Na Kasereka kila jioni anakuja kusimama karibu na Kifaru. Haulizi. Anapiga tairi kidogo kwa kiatu, anaangalia mbali. Siku moja akasema, "Kaka, Furaha ameuliza kama jeep imepona."

"Ulimujibu nini?"

"Nimesema iko naendelea vizuri. Kama mugonjwa."

Mbuzi wakatangulia. Wajomba waliwapandisha kwenye camionnette ya mizigo kwenda Kalengera kabla yetu, ili siku yenyewe wawe wamepumzika na manyoya yamelala. Kwa hiyo mbuzi wako kule wanakula majani ya ukweni, na baba mwenye kushika kamba yuko huku, na gari ni kichaa.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Mchana nimekaa uani naangalia Kifaru, nayo inaniangalia. Ndipo nikakumbuka kitu cha darasani, na kilivyonijia niliona aibu kwamba hakikuja mapema.

Sisi muda wote tulikuwa tunaikagua ikiwa juu ya jeki.

Ukiinua gari, uzito unatoka. Na uzito ukitoka, kiungo chenye ulegevu kinakaa kimya, kinajifanya kizima. Inatakiwa gari isimame chini kwa miguu yake, injini inawaka, mtu mmoja ageuze usukani kidogo tu kushoto-kulia bila kupumzika, na mwingine awe chini, aweke kiganja kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Macho yanaweza kudanganywa. Kiganja kinasikia.

Nikamwita Masika.

"Panda, washa injini, shika usukani."

"Niende wapi?"

"Hauendi popote. Weka breki ya mukono. Geuza kidogo kushoto, kidogo kulia. Usisimame."

Akaanza. Mimi chini, mgongo kwenye mawe ya volkano, najua sasa kila jiwe la ua wangu kwa jina.

"Mpaka lini?" ananiuliza kutoka juu.

"Mpaka niseme."

"Sombe iko motoni." Ndiyo kisamvu chenu.

"Masika, geuza!"

"Nageuza! Ikiungua utakula direction."

Kiungo cha kwanza, kizima. Cha pili, kizima. Cha tatu, kizima. Nikasogea upande wa pili, nikaweka kiganja pale ambapo hakuna mtu alikuwa amepagusa.

Kuna chuma kirefu kinalala kukingama mbele. Upande mmoja kimefungwa kwenye chesisi, upande wa pili kwenye ekseli. Mafundi wa kwetu wanakiita panar. Kazi yake ni moja: kuishika ekseli isihame kwenda kushoto wala kulia. Katika kila ncha kuna bushi ya mpira.

Nilipoweka kiganja kwenye ncha ya juu, ile ya chesisi, nikaukuta ugonjwa.

Masika akigeuza kushoto, kabla magurudumu hayajageuka, ekseli nzima inahama kwanza. Inatembea! Mpira unakunjika, boliti inacheza ndani ya tundu, ndipo gurudumu linafuata. Akigeuza kulia, vilevile. Kidogo tu, upana wa kidole. Lakini upana wa kidole mara sitini kwa saa, mara "tuk" ya kidaraja, ndiyo ile ngoma.

"Simama!" nikapiga kelele.

"Umeumia?"

"Nimepona!"

Nikatoka chini mweusi kama makaa, nikamkumbatia, akanisukuma akakimbilia sombe.

Sasa ule mpira ulitoka wapi? Hapa ndipo mtacheka watu wa Dar na Nairobi.

Miezi mingi nyuma jiwe lilipiga panar yangu mtaani, bushi ikapasuka. Sumaili akatengeneza nyingine palepale kwa kisu, kutoka tairi kuukuu la lori. Ni kazi ileile ya wachonga chukudu, wanavyovisha gurudumu la mbao raba ya tairi. Goma nzima tunafanya hivyo. Bushi ya dukani kwenye mawe yetu haimalizi msimu, ya tairi inakaa hadi unaisahau. Na mimi mwenyewe nilijisifia kwa majirani kwamba Kifaru ina bushi ngumu kuliko ya kiwandani.

Na ni ngumu kweli, kwa mwendo wa mtaani. Lakini raba ya tairi haikutengenezwa kukaa imebanwa ndani ya chuma. Inaachia nafasi kidogo kidogo, boliti inapata pa kuchezea, na tundu la chesisi linaliwa hadi linakuwa umbo la yai. Kwenye mawe hutajua maisha yako yote. Unajua siku utakapopata barabara nzuri.

Nikaenda kwa Sumaili na ule mpira mkononi.

Akauchukua, akaunusa, naapa akaunusa. "Hii? Hii ni pneu ya camion! Hii itakuzika weye, na bado itabaki!"

"Papa Sumaili, ndiyo ninachoogopa."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaingiza kidole kwenye tundu la chesisi, akakizungusha. "Eh. Hii imekuwa mudomo ya samaki."

Hakubishana tena. Akavua shati.

Bushi ya kweli niliitafuta Birere duka kwa duka hadi muuzaji mmoja akaitoa chini ya meza ikiwa na vumbi la enzi za babu. Na boliti ya unene wake halisi, maana hata boliti Sumaili alikuwa ameweka nyembamba. Tundu la yai tukalizungushia pete nene ya chuma, ikabidi ichomelewe. Umeme ukakatika palepale. Tukaazima jenereta ya kinyozi, wateja wake wakabaki na nusu ya nywele wakingoja pete yangu ishike.

Jambo moja la kuandika moyoni: boliti ya bushi usiikaze gari ikiwa juu ya jeki. Ishushe, isimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza ikiwa juu, siku utakayoishusha ule mpira utakuwa umejinyonga tayari.

Tulimaliza giza linaingia, siku ya mwisho. Kuijaribu hakukuwa na muda. Kidaraja kiko kwenye njia ileile ya kwendea mahari.

Nikapanga hivi. Alfajiri Masika na Kasereka wachukue taksi hadi Kibumba, wanisubiri sokoni. Mimi niende peke yangu na Kifaru, nipite kidaraja kwa sitini. Nikifika mzima, nitarudi mjini kumchukua muzee.

Asubuhi nikatoka. Muzee alikuwa ameshakaa kiti cha mbele. Koti, kofia, fimbo kati ya magoti, mguu ameunyoosha.

Nikamwambia wazi. "Papa, gari nimeitengeneza lakini sijaijaribu. Inaweza kutetemeka. Shuka kwanza, niende peke yangu, nitarudi kukuchukua."

"Nimesikia."

"Papa, inaweza kutuangusha."

Akaniangalia kama vile mimi ndiye mwenye nyonga mbovu. "Ukienda peke yako utaendesha sawa mutu asiye na wazazi. Miye nikiwa hapa mbele, utaendesha sawa mutoto wa mutu. Washa."

Nikawasha. Ningefanya nini?

Wakuu, ule mwendo sitausahau. Ukungu umelala barabarani, vijana wa chukudu wanashuka na mizigo yao, mimi jasho linatiririka kwenye baridi ya mlima wetu Nyiragongo. Muzee anazungumzia maharage. Anasema mwaka huu maharage ya Rugari ni mazuri. Naitikia ndiyo Papa, ndiyo Papa, na sijui ninachoitikia.

Arobaini. Hamsini. Ikanyooka. Kidaraja nakiona.

Sitini.

Muzee akanyamaza.

Tuk.

Nilingoja. Mikono yangu ilikuwa imeshajiandaa kupigana, na haikupata wa kupigana naye. Usukani ulitikisika kidogo mara moja, kama mtu anayeitikia kwa kichwa, ukanyooka. Boneti imetulia. Kioo kimetulia. Nikapita mita mia nzima sijapumua.

"...lakini ya Masisi yanaiva upesi," muzee akaendelea.

Kibumba nikasimama sokoni. Masika na Kasereka walikuwa wamesimama kando ya marundo ya kabichi. Waliponiona nashuka na spana mkononi Kasereka akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Imekufa?"

"Haijafa. Nakaza."

Hii nayo iandikeni. Chuma kipya kikishatembea kidogo kinakaa mahali pake, na boliti iliyokuwa imekaza inalegea. Nikaingia chini katikati ya majani ya kabichi, nikaweka spana. Ikakubali kuzunguka, karibu nusu. Nusu! Ningeiacha hivyo, nafasi ingeanza kuliwa upya siku hiyohiyo. Nikakaza hadi ikagoma.

Nikaweka kiganja, nikamwambia Masika apande ageuze. Akageuza kushoto, kulia. Ekseli imesimama kama mnara wa kanisa.

Kwa hiyo kwa wenye jeep za ekseli nzima, usukani ukikupiga ukiwa kwenye mwendo: toa mguu kwenye mafuta, usipigane nao, usikanyage breki kwa hofu. Halafu kabla hujanunua chochote, gari ikiwa chini kwa miguu yake, mtu ageuze na wewe uguse. Kila kiungo. Anza na panar, mimi nilimalizia nayo. Na ukienda kuijaribu, ijaribu pale ilipougulia. Gari yangu ilikuwa inapona kila siku mjini kwa sababu mjini haikuwa mgonjwa. Sumaili bado anawakatia watu bushi za tairi, na wale ambao hawatoki kwenye mawe siwakatazi. Mimi natoka.

Kalengera tukaacha lami tukapanda kilima. Tope hadi ringi, Kifaru inakoroma, usukani unatii kila ninachosema. Juu tukakuta watu wamejaa uani, mbuzi wetu wamefungwa kwenye uzio wamenenepa, na Papa Gervais amesimama mbele na saa yake.

Akaitazama saa, akaitazama jeep, akasema, "Karibuni. Tulifikiri mumeamua kuja na miguu."

Masika akafungua mlango wa muzee. Muzee hakushuka.

Nikadhani ni nyonga. Nikazunguka kumsaidia. Ndipo nikaona mkono wake wa kulia, ule wa upande wa mlango. Ulikuwa bado umeshika kile kishikio cha juu ya dirisha. Vidole vyote vimekaza, vimekuwa vyeupe kwenye vifundo. Alikuwa amekishika tangu kidaraja, pengine tangu Majengo, muda wote ule wa maharage. Na sasa haviachii.

Akanong'ona, mdomo haujafunguka vizuri, "Vimekataa. Nifungulie. Polepole, batu wanaangalia."

Nikajifanya namrekebishia koti. Nikavikunjua kimoja kimoja, kama ninavyofungua nati yenye kutu. Nikavisugua kidogo ndani ya kiganja changu hadi damu ikarudi.

Akashuka, akajinyoosha, akatembea na fimbo yake hadi katikati ya ua. Kasereka akamletea kamba ya mbuzi wa kwanza. Muzee akaichukua kwa mkono uleule wa kulia. Nilikuwa nyuma yake, niliona ulikuwa bado unatetemeka.

Papa Gervais akaona pia. "Muzee, unatetemeka?"

"Ni mbuzi," muzee akasema. "Wa kwetu wana nguvu."

Kamba ikapita. Akina mama wakapiga vigelegele.

Ndiyo hayo wakuu. Mwenye jeep iliyowahi kumchezea ngoma ya namna hii aweke hapa ilitokea kwenye mwendo gani na aliikuta wapi, hasa nyie wa barabara za mawe. Na aliye na njia bora ya bushi kuliko raba ya tairi na ile ya dukani aniambie, maana ile mpya nimeshaanza kuihurumia. Wa kunicheka kuhusu chukudu ruksa, ila pangeni mstari.